Karatasi, Google Earth, OpenStreetMap au QGIS: ramani ipi inafaa kwa mpango wa tabianchi wa kata yako?

Kamati ya wadi ikikaa kupanga miradi ya tabianchi, iwe ni lambo, kisima, mtaro au upandaji wa mikoko, haipiti muda mtu atasema: tunahitaji ramani ya kidijitali. Anayefuata atauliza tutumie programu gani, na kuanzia hapo kikao kinakuwa cha simu na kompyuta. Naona swali hilo huja mapema mno. Kabla yake kuna mawili: ramani hii itawekwa mbele ya nani, na mwaka kesho itakuwa mikononi mwa nani? Ukishayajibu hayo, nusu ya programu zinajiondoa zenyewe.

Kenya ina wadi 1,450, na kupitia FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, kaunti zinaunda kamati za wadi na kutathmini hatari pamoja na wananchi kabla ya kuandika chochote. Makueni ilitangulia mwaka 2015 kwa kanuni za mfuko wake wa tabianchi, zinazotenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Tanzania, vijiji na mitaa huibua miradi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kote huko mhandisi wa kaunti au afisa mipango wa halmashauri hawezi kwenda kuona kila korongo. Anachokiona ni mlicholeta.

Dar walitembea, Isiolo walikaa

Kabla ya kulinganisha programu, linganisha njia mbili ambazo zimekwisha kujaribiwa kwetu.

Dar es Salaam, mwaka 2015, ulianza mradi wa Ramani Huria. Ndani yake walikuwamo Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na Humanitarian OpenStreetMap Team. Jiji lilikuwa bado linakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kusababisha familia za bondeni kuhamishiwa Mabwepande. Kazi ya Ramani Huria ilikuwa ya miguu: wanafunzi na wakazi waliingia mitaani na simu, wakachora nyumba, vichochoro na hasa mitaro. Mtaro ulipimwa upana na kina, ukaandikwa kama ni wa zege au wa udongo, na umeziba wapi. Baadaye wajumbe wa mashina, viongozi wa ngazi ya chini kabisa ya mtaa, walisaidia kuchora mipaka ya mashina yao, kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote japo kila mtu mtaani anajua mjumbe wake ni nani.

Isiolo hali ilikuwa nyingine kabisa. Kaunti ina kilomita za mraba zipatazo 25,000, na sehemu kubwa ni nyanda za malisho. Waborana wa huko wana dedha, eneo la malisho lenye baraza la wazee linaloamua mifugo iende wapi masika, irudi wapi kiangazi, na nyasi zipi ziachwe akiba hadi ukame ukaze. Huwezi kuitembea Isiolo na simu mkononi ukamaliza. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfuko wa tabianchi wa kaunti ulipokuwa ukijaribiwa, watu walikaa. Walichora kwanza kwa mkono, kisha picha ya setilaiti ikatupwa ukutani kwa projekta, wakaonyesha kimoja kimoja: kisima hiki ni cha nani, njia ile hupitwa lini, maji yale hukauka mwezi gani. Fundi akaandika. Njia hiyohiyo ilifanyiwa kazi kaskazini mwa Tanzania, huko Longido, Monduli na Ngorongoro.

Tofauti ya kweli kati ya njia hizi ni mahali maarifa yalipo. Dar yalikuwa chini, kwenye mtaro wenyewe. Hakuna mzee anayeweza kukutajia kina cha mfereji wa Tandale kwa sentimita. Isiolo yalikuwa vichwani mwa watu. Ukienda na simu hadi kwenye nyanda ya akiba utaona nyasi tu, na simu haitakuambia kwamba nyasi hizo haziguswi hadi baraza liseme. Jiulize basi: maarifa ya kata yako yamelala wapi? Kama yamelala chini, nunua viatu na bando. Kama yako vichwani, tafuta projekta, jenereta na siku za kutosha za kukaa na wazee.

Na si wazee wa kiume peke yao. Weka kikundi cha wanawake pembeni na ramani yao wenyewe, maana kwenye kikao cha pamoja kisima cha msimu na njia ya kuni husahaulika kirahisi, na hivyo ndivyo vinavyobadilika kwanza ukame ukiingia.

Karatasi bado ipo

Wataalamu wengi hupita hapa haraka. Ni makosa. Ramani ya mchangani au ya karatasi haihitaji umeme, mtu yeyote anaweza kuifuta na kuichora upya, na mabishano yake hutokea watu wakiwa wamekaa pamoja, mahali panapostahili. Mwaka 2006, Nessuit, pembezoni mwa msitu wa Mau, Waogiek walitengeneza ramani ya umbo halisi kwa tabaka za makaratasi magumu, kwa kipimo cha 1:10,000, vilima vikiwa vilima na mabonde yakiwa mabonde. Wazee waliizunguka wakiweka pini na nyuzi. Data ikaja kuingizwa kwenye kompyuta baadaye.

Udhaifu wa mchoro wa kawaida wa karatasi ni mmoja, nao ni mkubwa: hauna vipimo. Mhandisi hawezi kukadiria saruji ya mtaro kutoka kwenye mchoro wa kalamu. Pia ikilowa imekwisha, kwa hiyo ipigwe picha siku hiyohiyo.

Google Earth: rahisi kuanza, lakini soma masharti

Google Earth Pro ya kompyuta ni bure tangu 2015. Kijana aliyezoea kompyuta kidogo ataweza kuweka nukta, kuvuta mistari na kuzungushia maeneo ndani ya siku moja. Ina kitu ambacho zana nyingine za bure hazikupi kirahisi hivyo: kitufe cha kurudisha miaka. Unateleza nyuma ukaona mto ulivyokula ukingo, lambo lilivyojaa mchanga, nyumba zilivyosogea bondeni. Mbele ya diwani, au mwakilishi wa wadi ukiwa Kenya, picha mbili za mahali pamoja zilizopishana miaka kumi zina nguvu kuliko kurasa ishirini za ripoti. Hata mtu asiyejua kusoma anaitambua nchi yake akioneshwa mto na kilima.

Hasara zake. Kwanza, bila mtandao unabaki na yale tu ambayo kompyuta ilishayahifadhi, kwa hiyo fungua eneo lako lote mjini kabla ya kwenda kijijini. Pili, picha za vijijini huwa za miaka tofauti zilizoshonwa pamoja. Upande mmoja wa mto ni masika na upande wa pili ni kiangazi, na asiyejua atafikiri upande mmoja umekauka. Tatu, na hili watu hulikosea sana: ulichokichora kwa kufuatisha picha za Google huruhusiwi kukipeleka OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia inayochorwa na yeyote anayetaka. Leseni hairuhusu. Kamati inayopanga kuchangia ramani ya wazi baadaye ianze na picha zinazoruhusiwa, kama za Bing, au kwa nukta ilizochukua yenyewe kwa simu.

Faili zake, za aina iitwayo KML, zinafunguka kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuunganishia ramani, kwa hiyo ukianzia hapa kazi yako haipotei.

OpenStreetMap: ramani ya wote

OpenStreetMap ilianzishwa 2004, na ndiyo iliyobeba kazi ya Dar. Mtu yeyote anachora, mtu yeyote anasahihisha, mtu yeyote anatumia, mradi ataje chanzo na data atakayoitoa baada ya kuiboresha ibaki chini ya leseni hiyohiyo. Faida yake kubwa ni kwamba haifi na mradi. Ufadhili ukiisha, kompyuta zikirudishwa, mitaro iliyochorwa bado ipo. Mtu wa Msalaba Mwekundu, mwanafunzi wa Ardhi au mkazi wa Kigogo anaweza kuifungua leo bila kuomba ruhusa kwa afisa yeyote. Wanaojua jinsi ripoti za miradi zinavyoozea kabatini wataelewa uzito wa jambo hili.

Faida ya pili ni simu. Ramani yote ya nchi unaipakua ukaitumia bila mtandao kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd. Kamati ya maafa ya mtaa inayotafuta njia ya kupita usiku wa mafuriko haihitaji bando.

Lakini si mahali pa kila kitu. Kanuni yao ni kwamba kinachoingia kiwe kitu ambacho mtu mwingine akifika hapo atakithibitisha kwa macho. Mtaro unaingia. Shule, kalvati, kisima, daraja la miti, vyote vinaingia. Mstari wa mahali maji yalipofika mwaka 2011 hauingii. Lambo mnalotaka kujenga haliingii. Nyumba zenye wagonjwa wa kubebwa haziingii kabisa. Maana yake, OpenStreetMap peke yake haiwezi kuwa mpango wa tabianchi. Inakupa sakafu, na mpango wenyewe unaujenga kwingine. Ramani Huria nao walifanya hivyo. Walichapisha ramani, wakarudi nayo kwa wakazi wachore maeneo yanayofurika, kisha wakaunganisha na QGIS na programu ya InaSAFE kukadiria nyumba ngapi ziko kwenye maji.

Na ukiweka kitu kwa wote, wote wanaweza kukigusa. Mtu aliye Ujerumani, kwa nia njema kabisa, anaweza kubadilisha njia yenu ya ng'ombe ikasomeka kama barabara ya magari. Historia yote inahifadhiwa na kosa linarudishwa, ila lazima awepo mtu anayeangalia.

KoboCollect na QGIS: ramani ya nyumbani kwenu

Hapa data ni yenu. KoboCollect inakaa kwenye simu ya Android, inajaza fomu bila mtandao, inachukua nukta, mstari au eneo pamoja na picha, kisha mkifika penye mtandao inatuma. Nguvu yake ni maswali. Badala ya kuuliza "je, hufurika?", fomu inauliza maji yalifika wapi: kifundo cha mguu, goti, kiuno au juu ya mlango, yalikaa saa ngapi, yalitokea upande gani. Majibu hayo kutoka nyumba mia mbili ni kitu ambacho setilaiti yoyote ingekionea wivu. Akaunti ya bure ina kikomo, lakini kwa kata moja inatosha.

QGIS ndiyo meza ya kuunganishia. Ni programu huria, ni bure, na inapokea karibu kila faili utakayoipa: KML ya Google Earth, data ya OpenStreetMap, fomu za Kobo, picha za setilaiti. Kuna QField pia, inayokuwezesha kubeba ramani yako ya QGIS kwenye simu ukaijazie hukohuko uwandani.

Bei yake ni muda wa mtu. Google Earth inafundishika kwa siku moja. QGIS inataka wiki kadhaa za kuizoea, na baada ya hapo inataka uifungue mara kwa mara au utasahau. Kuna pia mtego unaowanasa wengi Afrika Mashariki. Ramani za zamani za Serikali za kipimo cha 1:50,000, za Kenya na za Tanzania, zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960. Simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukipandisha moja juu ya nyingine bila kubadilisha mfumo, vitu vinapishana kwa takriban mita 300. Umbali huo unatosha kabisa kuhamisha kisima kutoka kijiji kimoja hadi kingine kwenye karatasi, na ugomvi wa namna hiyo ukishaingia kwenye mkutano wa kijiji hauishi kwa kueleza mambo ya mifumo ya ramani. Kabla ya kuchapisha chochote, chagua vitu vitatu vinavyojulikana, tuseme msikiti, makutano ya barabara na daraja, uhakikishe vimekaa palepale katika tabaka zote.

Simu nayo isiaminiwe kupita kiasi. Penye uwazi hukosea mita tano hivi. Chini ya miti minene au kati ya nyumba zilizobanana hukosea zaidi. Kwa kisima haina neno. Kwa mpaka wa shamba, usithubutu.

Setilaiti na droni

Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni bure, nukta moja ya picha ina upana wa mita 10, na setilaiti hupita kila baada ya siku tano. Za Landsat, setilaiti za Marekani, zinarudi nyuma hadi 1972, ingawa kipimo chake cha kawaida cha sasa ni mita 30. Kwa mambo makubwa yanayokwenda polepole ni hazina: mikoko ya delta ya Rufiji, mkaa unavyokula msitu, nyanda zinavyokauka. Kwa mtaro wenye upana wa mita moja hazina msaada wowote, maana nukta moja ya picha ni kubwa kuliko nyumba nyingi za Buguruni. Na siku za mvua, unapozihitaji zaidi, mawingu yanafunika. Sentinel-1, yenye rada, huona kupitia mawingu na usiku, na kwa mafuriko yanayokaa wiki kadhaa kama yale ya Rufiji ya Aprili 2024 au ya mto Tana ya mwaka huohuo, inafaa sana. Kwa maji ya Jangwani, Dar es Salaam, yanayopanda asubuhi na kushuka jioni, setilaiti inaweza kupita yamekwisha ondoka.

Droni, au ndege nyuki, hujaza pengo hilo. Zanzibar ilifanya hivyo kwa visiwa vizima: kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Kwa picha hizo unaona paa, ukuta, hata mti mmoja mmoja. Kwa mpango wa mafuriko zina faida moja kubwa zaidi ya uzuri wa picha, nayo ni vimo vya ardhi. Data ya vimo ya bure inayotumika sana, ile ya chombo cha anga cha Marekani ya Februari 2000, ina nukta za mita 30 na hukosea kimo kwa mita kadhaa. Kwenye bonde tambarare la Msimbazi, mita kadhaa ndizo tofauti yote kati ya nyumba kavu na nyumba iliyozama.

Ila kata moja ikiniuliza, nitaishauri isinunue droni. Kuna vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga, kuna rubani, kuna kompyuta yenye nguvu ya kuchakata picha, na penye nyumba zilizobanana droni hupima kimo cha bati badala ya kimo cha ardhi. Ulizeni kwanza kama halmashauri, chuo au mradi wa barabara umesharusha eneo lenu. Mara nyingi picha zipo, hazijaombwa tu.

Kisichotakiwa kuonekana

Hapa ndipo uchaguzi kati ya OpenStreetMap na QGIS unapokuwa wa maisha ya watu, na ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akisema tu "data iwe wazi".

Ramani ya malisho ya akiba ni ramani ya mahali nyasi zilipo wakati kwingine hakuna. Anayeihitaji zaidi baada yenu ni mwizi wa mifugo na mnunuzi wa ardhi. Isiolo iko kwenye njia ya ushoroba wa LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari ya Lamu, barabara, reli na bomba la mafuta, na watu wa huko wanajua bei ya ardhi inavyobadilika mstari ukishachorwa. Kwa upande mwingine, ramani hizohizo zilisaidia kuonyesha kwamba nyanda zinazoitwa "tupu" zina wenyewe, zina mpango, na zina sheria zake za kimila. Kuficha kila kitu nako kunaumiza. Ndiyo maana ninaegemea njia ya kati: visima vya Serikali, shule, zahanati, barabara na masoko vipelekwe OpenStreetMap, malisho ya akiba, maji ya msimu, njia za kuhama na maeneo ya ibada vibaki kwenye faili la QGIS ambalo baraza na kamati wanalishika pamoja, na wakiamua kulionyesha kwa kaunti waionyeshe ramani iliyochapishwa, wala si faili.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo programu haikuambii. Mpaka wa dedha haukuwa mstari. Ni makubaliano yanayolegezwa mwaka mbaya, jirani akija kuomba. Kompyuta inataka mstari uliofungwa, na mstari ukishachapishwa kwa wino mweusi jirani anakuwa mvamizi. Chora kwa nukta zilizoachana, au weka jina la eneo bila mpaka. Fundi atalalamika kwamba haiwezekani kukokotoa ukubwa wa eneo. Mwache alalamike.

Mjini hatari ni ya watu. Orodha ya nyumba zenye wazee, walemavu au watoto wachanga ni muhimu kwa uokoaji, na ni hatari ikienea. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina ya watu yasiende kwenye seva ya mbali kwa sababu tu fomu ilikuwa na nafasi ya kuyaandika. Mjumbe wa shina aweke orodha hiyo kwenye daftari lake. Inatosha.

Ningechagua nini

Mtaa wa mjini unaofurika: OpenStreetMap kwa mitaro, nyumba na makalvati, Kobo kwa kina cha maji, karatasi iliyochapishwa kwa mkutano, na QGIS mahali pamoja tu, kwenye halmashauri au chuo kilicho karibu. Msinunue picha za setilaiti wala droni. Hapa mambo ni ya wazi, na uwazi unawasaidia, kwa sababu mtaro wenu unaanzia mtaa wa juu na kuishia mtaa wa chini, na bila ramani moja mtasukumiana maji.

Wafugaji: karatasi, kisha Google Earth ukutani, kisha QGIS ya ndani. Setilaiti ya bure kwa kufuatilia nyasi na maji kila msimu, kama kuna mtu wa kaunti atakayeifungua. OpenStreetMap kwa mambo ya Serikali pekee.

Kijiji cha pwani chenye mikoko: anzeni na setilaiti, maana mnachotaka kuonyesha ni miaka mingi ya mabadiliko, kisha tembeeni mpaka wa msitu kwa simu, maji yakiwa yametoka. Wanaofikiria kuuza hewa ukaa, kama wafanyavyo Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, kwenye hekta 117 za mikoko, watahitaji mipaka inayoweza kukaguliwa na mtu wa nje. Hapo kazi ya Google Earth peke yake haitapita.

Na kamati isiyo na mtu hata mmoja wa kukaa na kompyuta? Isianze na QGIS kwa sababu mfadhili kaileta. Ichukue karatasi kubwa, Google Earth ya kijana wa kata, na bajeti ya kuchapisha. Hapo ndipo pesa za kamati nyingi hukosekana, si kwenye programu, ambazo karibu zote ni bure. Wekeni kando fedha za projekta ya kukodi, mafuta ya jenereta, chai na nauli za wajumbe, na nakala mbili za ukubwa wa A1 zenye tarehe: moja ya ofisi ya kata, nyingine ya anayeleta bajeti.

Tarehe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kuwasilishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba. Ukihesabu wiki za kuchora, za kurudisha ramani kwa wananchi isahihishwe na za kuandika mradi, kazi ianze mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, wakati alama za maji bado ziko ukutani na kila mtu anakumbuka yalifika wapi.